Majirani wa Kona, Njombe: kibanda cha kipupwe

JUMATANO

Mama Neema amemwongeza Mwl. Zuhura

19:02 Mama Neema: Habari za jioni majirani. Nimemuunga Mwalimu Zuhura, yule mgeni wa nyumba ya uani kwa Baba Oliva. Amehamia shule yetu kutoka Pangani. Karibu sana Mwalimu.

19:03 Mama Neema: Sasa lile la kibanda. Leo alfajiri ukungu ulikuwa huoni hata mita kumi. Watoto wanasubiri haisi pale kona wanatetemeka. Juni ndiyo kwanza imeanza, Julai itakuwaje?

19:06 Mama Neema: Nimepiga hesabu na Fundi. Futi 9 kwa 14, paa la upande mmoja. Nguzo nane za mlingoti, mabanzi nyuma na pembeni, mabati sita ya mita 3 geji 30. Benchi kuzunguka, katikati jiko la maranda. Kila nyumba alfu 10 kwa namba yangu. Jumamosi saa mbili asubuhi tunachimba.

19:40 Mama Neema: Naona tiki za bluu. Mmesoma.

20:10 Baba Faraja: Kabla ya hiyo alfu 10, mabati ya mwaka ule wa bomba yako wapi?

20:11 Mama Neema: Baba Faraja hilo tuliache

20:13 Baba Faraja: Tuliache mpaka lini? Yalikuwa nane. Mimi nilitoa na ya mama mkwe. Aliyeyaezekea banda la nguruwe anajulikana

20:14 Method: Kumbe nguruwe wana paa kuliko sisi 😂😂

20:15 Baba Oliva: Ujumbe huu umefutwa

20:31 Fundi: Mie naulizia upande wa kufungulia. Wengi wanataka kitazame barabarani. Barabara iko kusini mashariki, na upepo wa kipupwe na ukungu vinatokea hukohuko. Tukifungua huko baridi yote inaingia ndani. Mgongo tuupe kusini mashariki, kaskazini tuache wazi. Miezi hii jua linapita upande wa kaskazini, likitoka tu linafika kwenye benchi.

20:33 Juma Boda: Sasa Fundi abiria nitamwonaje nimeipa barabara mgongo

20:34 Fundi: Tutatoboa dirisha

20:34 Method: La kumwonea abiria au la kumwonea Mama Tumaini akija kudai hela ya chapati

20:35 Juma Boda: 🤐

20:52 Baba Oliva: Na pale kona mnapopasema ni ndani ya mita 30 kutoka katikati ya barabara. Hiyo ni hifadhi ya barabara, Sheria ya Barabara ya 2007. Watatupigia X ya kubomoa kabla hata mabanzi hayajakauka. Mmesahau genge la Mama Tumaini?

20:55 Mama Tumaini: Mimi sijasahau

21:02 Mama Neema: Basi tusogee nyuma ya kigingi cha mpaka wa barabara, uwanja wa Babu. Method, Babu ameonaje?

21:03 Method: Amelala

21:48 Mwl. Zuhura: Asalaam aleikum majirani, asanteni kunikaribisha. Baridi hii kwa kweli siiwezi, sisi wa pwani hatukuizoea. Nimeona watu huku waingiza jiko la mkaa chumbani wakilala, na mie nafanya hivyo. Ila jana nimeamka kichwa chaniuma mno na mtoto katapika. Nyie mwatumia mkaa gani?

21:50 Juma Boda: Mwalimu tumia ulanzi, unapasha joto hauna moshi 😂

21:51 Method: Ulanzi msimu umeisha, labda komoni

21:53 Mama Tumaini: Mwalimu ni Mwislamu, muwe na adabu

21:54 Juma Boda: Samahani Mwalimu ni utani

21:58 Mama Neema: Turudi kwenye michango jamani. Hadi sasa nimepokea wawili

22:36 Nesi Upendo: Niko zamu ndiyo nashika simu. MWALIMU ZUHURA TOA JIKO NJE SASA HIVI. FUNGUA MLANGO NA MADIRISHA

22:37 Nesi Upendo: Siyo suala la mkaa gani. Mkaa wowote ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haionekani, inakamata nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa na kutapika ndiyo dalili zenyewe. Mkaa usio na moshi unaua vilevile

22:39 Nesi Upendo: Simu inaita hapokei. Nani yuko karibu??

22:40 Mama Neema: Mimi niko Makambako kwa dada! Baba Oliva amka!

22:43 Baba Faraja: Naenda

22:43 Nesi Upendo: Fungua kwanza, usikae ndani. Watoe wote nje hata kama ni baridi

22:58 Baba Faraja: Wametoka. Tumevunja komeo mimi na Baba Oliva. Mwalimu anajibu, mtoto amelegea ila analia. Baba Oliva anawasha pikapu tunakuja

22:59 Nesi Upendo: Akilia ni vizuri. Leteni moja kwa moja, naandaa oksijeni

23:05 Mama Tumaini: Ee Mungu

ALHAMISI

05:50 Nesi Upendo: Mtoto amekunywa uji. Mwalimu kichwa bado kinamuuma, wote wanaendelea na oksijeni. Ukoo mzima wa kona naomba: jiko la mkaa lisilale na mtu ndani. Hata likionekana limezimika, chini ya majivu linaendelea.

06:02 Juma Boda: Mwalimu ukisoma hapa nisamehe

06:40 Mama Neema: Nimelia usiku kucha. Mnaona sasa kwa nini nang'ang'ana na hiki kibanda? Mtu anajifungia na jiko kwa sababu hajui aende kwa nani kuota moto. Angekuwa na pa kukaa nasi jioni, lile swali angeuliza siku ya kwanza. Michango bado ni minne.

07:15 Baba Faraja: Nimetuma. Ila la mabati nauliza bado

08:30 Method: Shikamooni. Babu kasomewa yote tangu jana. Kasema niandike anavyotamka nisiongeze neno.

08:34 Method: "Mabati niliyatoa mimi. Baba Oliva alileta kokoto za bomba na hakuna aliyemlipa. Nikamwambia achukue. Mwenye neno aje hapa barazani kwangu, asimseme mwenziwe kwenye simu."

08:37 Method: "Yule binti namwona kila alfajiri amesimama pale na mwanawe kamfunika kanga mbili. Mnampita. Mwaka 1974, Operesheni Vijiji, tulishushwa porini jioni na watoto wachanga. Aliyetuwashia moto wa kwanza hatukumjua wala yeye hakutujua. Mmekuwa watu gani?"

08:39 Method: "Jengeni kwangu, nyuma ya kigingi, karibu na mparachichi. Mti usiguswe. Kibanda kisitiwe kufuli. Na juu paachwe wazi moshi na hiyo sumu vitoke."

08:39 Method: Ameishia hapo.

09:47 Mama Neema: Tumesikia Babu. Asante.

09:52 Baba Faraja: Asante Babu. Nitakuja.

10:05 Fundi: Sawa. Mwanya wa futi moja chini ya paa, kaskazini hakuna mlango kabisa. Nguzo zishuke futi mbili, sehemu ya chini niichome moto halafu nipake oili chafu, mchwa wa huku si wa mchezo.

10:20 Method: Hili ni langu si la Babu. Baba yuko Dar, hapo kwenye mparachichi anataka kuweka fremu za duka. Babu anasema ataongea naye.

10:21 Mama Neema: Ataongea lini?

10:21 Method: Hajasema

13:12 Baba Oliva: Mabati manne natoa. Mawili yana kutu kidogo

13:15 Baba Faraja: Yalikuwa nane

13:15 Mama Tumaini: Baba Faraja!!

15:20 Mwl. Zuhura: Majirani zangu, twashukuru, tumeruhusiwa. Mwenyezi Mungu awalipe mliokuja usiku ule. Leo twalala kwa Mama Tumaini. Juma nimekusamehe. Jumamosi sitaweza kuchimba, ila chai ya tangawizi nitawapikia, na mandazi ya nazi kama nazi yapatikana sokoni.

15:22 Juma Boda: Nazi nitaitafuta mimi Mwalimu

15:30 Mama Neema: Mwalimu pumzika kwanza. Wengine: Jumamosi iko palepale. Michango tisa. Sururu nani anayo?

16:04 Baba Oliva: Tuchimbe kabla baba yake Method hajakubali?

16:10 Fundi: Na mimi Jumamosi niko Uwemba mpaka saa sita

16:10 Mama Neema: Fundi!!! Jana ulisema upo!

16:14 Fundi: Kesho saa moja napita kupiga kamba, mashimo mtachimba wenyewe. Ila nimepita pale mchana huu. Mparachichi uko upande wa kaskazini, na matawi yameshuka sana. Asubuhi benchi litakuwa kivulini. Babu aulizwe kama tunaweza kupunguza matawi mawili tu

16:15 Mama Neema: Amesema usiguswe

16:15 Fundi: Ndiyo maana nasema aulizwe

16:40 Mama Neema: Nani anamuuliza?

18:22 Mama Neema: Jamani, nani anamuuliza?