Mboji ya magunia kabla ya masika, udongo mweusi wa Ruai

Mkulima wa Ruai
Hamjambo wakulima. Niko Ruai, Nairobi. Nina kitanda cha mita 4 kwa 2 na magunia 10 ya kupandia, yale ya kilo 90. Udongo ni ule mweusi unaonata kwenye viatu mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Nataka sukuma, spinachi, managu (mnavu) na nyanya ziwe zimehamishwa katikati ya Machi. Msimu wa Oktoba mchanganyiko ulikuwa nusu udongo huu, nusu mbolea ya kuku wa nyama yenye maranda. Sukuma zilidumaa, majani ya chini yakawa manjano. Sasa hivi kuna rundo la mabaki ya jikoni na nyasi mbichi, limeanza kunuka. Kosa liko wapi, na vipimo viwe vipi?

Gunia Kijani
Manjano yanayoanzia majani ya chini ni njaa ya naitrojeni. Mmea ukiikosa kwenye udongo huitoa kwenye majani makuukuu na kuyapelekea machanga. Aliyeinyakua ni maranda: vijidudu vinavyoyaozesha havipati naitrojeni ya kutosha ndani yake, basi huichota kwenye udongo kabla mizizi haijaifikia. Kama kingo za majani zingekuwa zimeungua, rangi ya kahawia, hapo tungelaumu amonia na chumvi ya mbolea mbichi. Ni maradhi mawili tofauti, na kuongeza mbolea ile ile hakuponyi hata moja.

Tupige hesabu. Gunia hula takriban madebe 6: matatu ya udongo mwekundu (malori huuleta kutoka upande wa Kiambu), mawili ya mboji iliyoiva, moja la mchanga wa mto. Kwa magunia 10 hiyo ni madebe 20 ya mboji. Kitandani tandaza mboji unene wa sentimita 5, yaani lita 400, madebe 20 mengine. Jumla ni lita 800. Rundo la mita 1.2 kila upande lina lita 1,700 hivi, na likiiva hubaki karibu nusu. Kwa hiyo rundo moja linatosha, ila lipangwe wiki hii.

Chini weka vijiti vya kupitisha hewa. Juu yake mabua makavu ya mahindi yaliyokatwa urefu wa kidole, sentimita 20. Halafu mabichi, yaani majani mabichi na mabaki ya jikoni, sentimita 10. Halafu hiyo mbolea ya kuku, sentimita 5. Nyunyizia maji kila tabaka, rudia mpaka kimo kitimie, kisha funika kwa nyasi kavu. Mabichi mazuri kupita yote ni majani ya tithonia, ule mmea wa maua ya njano unaoota kando ya barabara. Majani ya mkaratusi na msaipresi yaache kabisa, huoza polepole mno.

Chomeka nondo hadi katikati ya rundo. Baada ya siku nne ichomoe ushike ncha. Ikikushinda kuishika, rundo liko sawa: joto likivuka nyuzi 55 kwa siku kadhaa, mbegu za magugu na vimelea vingi hufa. Ikiwa vuguvugu, bana konzi ya mboji. Isiposhikamana, ni kavu, ongeza maji. Ikishikamana na bado joto hakuna, imekosa mabichi. Ikichuruzika, imelowa mno. Geuza kila baada ya siku saba, ya nje iingie ndani.

Hilo rundo linalonuka usilitupe. Harufu inayochoma pua ni amonia, mabichi yamezidi. Harufu ya yai viza ni kukosa hewa. Lipangue lote, changanya mabua makavu au maboksi yaliyochanwachanwa, lisimamishe upya.

Mama Managu
Naongeza kuhusu kitanda. Mchanga ni wa magunia yenye udongo mwekundu tu. Ukitia madebe machache ya mchanga kwenye udongo mweusi, udongo huo wa mfinyanzi unaufumbata na ukikauka unakuwa tofali. Dawa yake ni mboji nyingi kila msimu, na kuinua kitanda sentimita 25 huku mtaro ukizunguka, kwa sababu mwezi wa Aprili maji husimama na mizizi hukosa hewa. Lima kwa uma-jembe sasa, udongo ukiwa na unyevu kidogo. Ukisubiri mvua ikolee, jembe litatoa mabonge yasiyovunjika. Ulimaji wa mapema pia huwafichua sota, wale viwavi wanaokata miche, ndege wakawala.

Mkulima wa Ruai
Asanteni sana. Jivu la jikoni nitie? Na nitajuaje mboji imeiva?

Gunia Kijani
Jivu hapana. Udongo mweusi wa upande huo mara nyingi tayari una alkali, na jivu huongeza. Likikutana na samadi mbichi hufukuza amonia, naitrojeni ikapotelea hewani.

Kuiva: jaza mkebe wa plastiki mboji yenye unyevu, funga kifuniko, kaa siku tatu. Ukifungua usikie harufu ya udongo uliopata mvua. Ikinuka uvundo, bado. Kisha panda mbegu 20 za sukuma kwenye mboji hiyo na 20 kwenye udongo wa kawaida. Zikiota chache upande wa mboji au vimizizi vikiwa vya kahawia, iache wiki mbili zaidi. Hapa ndipo wengi hujiharibia: kuiva kwa wiki sita ni kwa rundo lililokatwakatwa na kugeuzwa bila kukosa tu. Likichelewa, jaza magunia kwa samadi ya mbuzi ya miaka ya nyuma kutoka boma za Kajiado, iliyochekechwa.

Mama Managu
Mbegu za sukuma na spinachi zipande kitaluni kabla ya tarehe 10 Februari, mistari ikiachana sentimita 15. Miche hukaa wiki nne hadi tano, na wiki ya mwisho punguza maji ishupae.

Nyanya nisingezipanda nje masika. Baridi na majani yaliyolowa ndiyo makazi ya ugonjwa wa bakajani chelewa: madoa kama yaliyomwagiwa maji ya moto, chini ya jani ukungu mweupe asubuhi, na baada ya siku chache shina jeusi. Kama ni lazima, ziwe nne au tano chini ya paa la nailoni angavu lililo wazi pembeni, ukimwagilia shinani tu. Zile nyingine zisubiri Agosti. Nafasi hiyo wape managu, sentimita 30 kwa 30. Hukomaa haraka na huvumilia mvua.