Naomba ushauri: Filamu ya Lightyear imemtia mwanangu hofu juu ya baba yake

Mama Wawili (Mombasa)
Wapendwa, naomba mawazo yenu. Jumamosi niliketi na wanangu wawili, wa miaka 6 na 9, kutazama Lightyear ya mwaka 2022. Wamekua wakimpenda Buzz, yule mwanasesere mwenye mabawa wa filamu za Toy Story, kwa hiyo tulitarajia vicheko. Filamu inadai kuwa ndiyo aliyoitazama Andy, yule mtoto wa Toy Story, mwaka 1995 hata akamtamani mwanasesere huyo, lakini sikuona cha kumvutia mtoto. Mkubwa, alipogundua kwamba Zurg, adui aliyemngoja muda wote, kumbe ni Buzz mwenyewe aliyezeeka, aliinuka akaenda kucheza mpira.

Anayenisumbua moyo ni mdogo. Buzz anaruka angani kwa dakika chache, huku sayarini inapita miaka 4; kila akirudi, rafiki yake Alisha ameongeza mvi, mpaka siku moja anakuta amekwisha kufariki, amemwachia ujumbe wa kumuaga. Mwanangu alishika pindo la leso yangu akauliza, "Baba akirudi kutoka Doha, tutakuwa wazee?" Baba yao yuko Qatar kwa mkataba wa miaka 2. Nilimjibu kwamba ule ni uongo wa filamu tu, lakini usiku aliamka mara mbili kuuliza tarehe. Nifanyeje?

Mwalimu wa Fizikia
Pole sana, dada yangu. Ningekuomba usirudie kumwambia kwamba ni uongo, maana katika filamu nzima hilo ndilo lenye ukweli: tangu Einstein alipoandika juu yake mwaka 1905, tunajua kwamba anayesafiri kwa kasi kubwa mno hupitiwa na muda mchache kuliko aliyebaki. Lakini kasi ya kuleta tofauti ya miaka lazima ikaribie ile ya mwanga, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na ndege ya baba yake haifikishi hata kilomita 1. Mwaka 1971 wanasayansi wa Marekani walizungusha saa za atomiki, zenye usahihi mkubwa mno, duniani kwa ndege za abiria, na tofauti waliyoipata isingetosha kuotesha unywele mmoja wa mvi.

Mjomba wa Kisumu
Wangu walimpenda Sox, yule paka roboti anayepewa Buzz ili amliwaze, na kwa ajili yake walivumilia hadi mwisho. Hata hivyo nakubali kwamba Alisha akishafariki, filamu inakimbilia vita vya maroboti kabla mtoto hajapata nafasi ya kuhuzunika.

Bibi wa Tanga
Mwanangu, mwalimu amesema kweli, lakini huyo mtoto hakuuliza habari za mwanga. Ameuliza kama baba atamkuta. Mombasa na Doha saa zao ni zile zile. Mpigieni baba simu ya video, mtoto ashike saa ya ukutani, na baba naye aoneshe yake.

Mama Wawili (Mombasa)
Shikamoo, bibi, na ahsanteni nyote. Jana tulipiga. Mdogo aliipakata saa ya jikoni mapajani, baba yake akaisogeza saa ya mkononi karibu na kamera, na zote zilikuwa saa 2 na dakika 10 usiku. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akamwomba baba yake ainamishe kichwa ili atafute mvi. Hakuiona hata moja, na usiku hakuamka.