Mrejesho: Turbo C++ iliyogoma kwenye Windows ya biti 64

Wakuu, nimerudi. Ni yule wa Moshi ambaye Turbo C++ 3.0 ya darasani (programu ya zamani ya kuandikia kodi za C++) iligoma kufunguka kwenye laptopu mpya. Asanteni sana. Aliyesema Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 alikuwa sahihi; siku mbili nzima nilihangaika bure na mipangilio.

Nimeweka DOSBox, programu inayoiga kompyuta za zamani za DOS, na Turbo C++ ikafunguka fasta. Ila humo int (aina ya namba nzima) bado ni ya biti 16, haibebi namba kubwa: kilo 20000 za kahawa ukijumlisha na 20000 nyingine unapata -25536! Deni hilo. Nikahamia GCC, kompaila ya kisasa yenye int kubwa zaidi, ikatoa 40000.

Kilichonishinda ni graphics.h, faili la Turbo C++ la kuchorea michoro, GCC haina. Michoro bado naifanyia DOSBox, maana mwalimu kakomaa na hiyo hiyo.