Mmeondoa LibreOffice bila kuuliza na kazi ya mtu imeharibika. Nani aliamua?

Wakuu, na hasa nyinyi mnaotengeneza distro yetu, yaani mfumo wa Linux tunaoutumia, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha.

Jumanne jioni nilipigiwa simu na dada mmoja ambaye kompyuta yake naihudumia mimi. Anaandika tasnifu, imeshapita kurasa 140, imebaki sura ya mwisho. "Kaka, vile vitufe vya marejeo sivioni tena," akasema. Nikadhani ni jambo dogo, labda kiongezi kimejizima, nitamrekebishia kwa dakika tano. Mimi ndiye niliyemwekea Linux miaka miwili iliyopita. Mimi ndiye niliyemwambia sasisho likija asiogope, akubali tu. Safari hii alikubali, akapanda toleo jipya la distro yetu.

Nilipowasha kompyuta yake, LibreOffice, programu huria ya ofisi aliyokuwa anaandikia, haikuwepo. Mahali pake pamekaa programu nyingine ya ofisi, hailipiwi lakini msimbo wake, yaani maagizo yanayoiunda, umefungwa kwa watu wa nje, na kila ukiifungua inakutaka ujisajili akaunti. Nikaenda kusoma kumbukumbu za usakinishaji nione kilichotokea. Kifurushi mama cha eneo-kazi, kile kinachoorodhesha programu zinazokuja na mfumo, kimebadilishwa: zamani kilidai LibreOffice, sasa kinadai hiyo nyingine. Kwa hiyo LibreOffice ikabaki haina anayeihitaji, mfumo ukaihesabu kuwa mabaki, ukaifagia pamoja na maktaba zilizopitwa na wakati. Hakuna dirisha lililouliza. Maelezo ya toleo yana mstari mmoja tu kuhusu jambo hili, na neno "kuondoa" halimo.

Mafaili yote ya odt (fomati ambayo LibreOffice huhifadhia maandishi) nayo yameelekezwa kwenye programu mpya. Yeye alibofya faili lake mara mbili kama alivyozoea, likafunguka. Maandishi yapo, tanbihi zipo, picha zipo. Akaandika, akabonyeza Ctrl+S, akalala. Akafanya hivyo siku tisa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Dada huyu anatumia Zotero kupanga marejeo. Ndani ya LibreOffice Writer, Zotero huficha kila rejeo ndani ya alama maalumu, na alama hiyo ndiyo inayobeba taarifa zote: mwandishi, mwaka, ukurasa. Unachokiona kwenye karatasi, tuseme jina na mwaka ndani ya mabano, ni sura ya nje tu. Ukibadilisha mtindo wa marejeo, Zotero inapita alama moja baada ya nyingine na kuandika upya. Alama ikipotea, yanabaki maandishi makavu ambayo hakuna programu inayoyajua.

Faili la odt kwa kweli ni zip, furushi lenye mafaili mengine ndani yake. Nikafumua lake la siku hiyo, nikafungua content.xml yenye maandishi yake, nikatafuta neno ZOTERO_ITEM, jina la alama zile. Sifuri. Nikafikiri nimekosea amri, nikarudia. Sifuri. Nikachukua nakala ya akiba iliyokuwa kwenye flashi yake, ya kabla ya kupanda toleo, nikafumua, nikahesabu alama: 212. Marejeo 212 yalikuwa hai, na mara ya kwanza tu alipobonyeza Ctrl+S ndani ya programu mliyomchagulia, yote yalikufa, na faili likabaki na jina lilelile na sura ileile. Nikamrudishia LibreOffice, nikafungua faili jipya, nikabonyeza kitufe cha kuonyesha upya. Zotero ikaniuliza nichague mtindo wa marejeo, kama vile faili limeanzishwa dakika hiyo. Yeye amesimama nyuma yangu anatazama.

LibreOffice yenyewe, ukitaka kuhifadhi kazi yako kwa docx, fomati ya Microsoft Word, inakusimamisha. Inakwambia kuna vitu huenda visihifadhike kwa fomati hii, unataka kuendelea au utumie ODF, yaani familia ya odt? Watu wengi hukerwa na dirisha hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa nakerwa nalo. Programu mpya haikusema neno hata moja, na hapa hatukuwa tunahama fomati: tulifungua odt, tukahifadhi odt.

Kwa hiyo swali langu kwa waliofanya uamuzi huu si kuhusu vitufe wala rangi. Mlipima nini? Mlichukua faili gani, la nani, lenye nini ndani yake, mkalifungua, mkalihifadhi, mkalifungua tena na kulinganisha? Kwa sababu programu ya ofisi inayokuja na distro si kama mandhari ya skrini. Mtu akichukia mandhari anabadilisha. Programu ya ofisi inashika kazi za watu, na anayetumia ile iliyokuja nayo ni yule asiyejua kwamba kuna nyingine. Mjuzi hamuwezi kumdhuru, ataweka anachotaka ndani ya dakika mbili. Mliyemdhuru ni yule aliyewaamini.

Najua majibu yanayokuja, yamekuwa yakizunguka tangu toleo la majaribio, ngoja niyapokee.

La kwanza: "inafanana na ile watu waliyoizoea kazini," yaani Microsoft Office. LibreOffice imekuwa na mwonekano wa vichupo kwa watumiaji wote tangu toleo la 6.2 la Februari 2019. Ingetosha kuuwasha tangu mwanzo, au kumuuliza mtu mara ya kwanza anapofungua.

La pili ndilo lenye uzito: "inafungua docx vizuri zaidi." Nakubali kuna docx ambazo LibreOffice inazivuruga, hasa zenye maumbo yaliyobebana na majedwali ndani ya majedwali. Lakini nimehudumia kompyuta za watu muda mrefu, na malalamiko mengi ya "mistari imehama, ukurasa umeongezeka" niliyokutana nayo yalikuwa ya fonti. Microsoft ilitumia Calibri kama fonti ya kuanzia katika Word tangu 2007, na docx nyingi zilizoko mikononi mwa watu zimeandikwa kwa Calibri. Ukiwa huna Calibri, mfumo unachukua fonti nyingine yenye upana tofauti, na kila mstari unakatika mahali pengine. Dawa ipo na ni huria: Carlito ina vipimo vilevile vya Calibri, Caladea ina vya Cambria, na Liberation zina vya Arial, Times New Roman na Courier New. Nimeangalia ISO yetu, faili la kusakinishia distro, ya toleo lililopita. Liberation zimo. Carlito haimo, Caladea haimo. Yaani mliiacha LibreOffice bila fonti, mkaipima, mkaiona ina kasoro, mkaifukuza. Mafaili machache ya fonti yangenyamazisha sehemu kubwa ya malalamiko hayo!

Au hoja ni ukubwa wa ISO? Wekeni Writer ya kuandikia, Calc ya hesabu na Impress ya slaidi, acheni Base ya hifadhidata ambayo inataka Java, programu nyingine ya ziada, acheni vifurushi vya lugha vishuke kulingana na lugha aliyochagua mtu. Na kama kweli shida ni kompyuta dhaifu, basi mngeleta AbiWord ya kuandikia na Gnumeric ya hesabu, ambazo ni nyepesi zaidi, ingawa distro ya Xubuntu walikuwa nazo na katika toleo la 15.10 wakahamia Writer na Calc. Mliyoileta si nyepesi.

Kuna pia wanaosema "basi rudisheni OpenOffice." Ndugu zangu, jina limewachanganya. Apache OpenOffice imekaa kwenye mfululizo wa 4.1 tangu 2014, na docx inaweza kuisoma tu, haiwezi kuihifadhi. Watengenezaji wengi waliondoka siku nyingi.

Na kuondoka kwao ndiko kunanifanya nisikubali kabisa suala la msimbo uliofungwa. Sun Microsystems waliinunua StarOffice mwaka 1999, mwaka 2000 wakafungua msimbo, ikawa OpenOffice.org. Januari 2010 kampuni ya Oracle wakaimeza Sun. Waliokuwa wanaijenga wakaona mwelekeo haueleweki, na Septemba 2010 wakachukua msimbo, wakaanzisha The Document Foundation, na LibreOffice ikazaliwa. Hawakuhitaji ruhusa ya mtu. Aprili 2011 distro ya Ubuntu, toleo la 11.04, ilitoka ikiwa na LibreOffice ndani, na mtumiaji wa kawaida aliyekuwa na mafaili yake ya odt aliendelea kuyafungua kama kawaida. Hiyo ndiyo kazi ya leseni huria, na ndiyo kazi ya ODF kuwa kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, tangu 2006. Sasa nyinyi niambieni: mwenye programu hii mliyotuletea akiamua kesho kwamba kuhifadhi odt ni kwa wanaolipa, mtafanya nini? Hamuwezi kugusa msimbo. Tundu la usalama likigunduliwa hamuwezi kuliziba wenyewe, mtangoja mwenye mali aamke. Alalaye na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake, na sisi tunaohudumia kompyuta za watu ndio tutakaopigiwa simu usiku.

Kwa wanaopendekeza OnlyOffice, programu nyingine ya ofisi, kama njia ya kati: ile naiheshimu, msimbo wake uko wazi chini ya leseni huria ya AGPL, na kwa anayeishi kwenye docx kutwa ni chaguo la haki. Iwekwe kwenye hazina ya programu za distro, ionekane, watu waichague. Lakini moyo wake ni fomati za Microsoft, na odt ukiifungua humo inageuzwa kwanza. Kuifanya ndiyo ya kuanzia kwa mtu mwenye odt za miaka mingi ni kumrudisha kwenye hatari ileile.

Na msiniambie kwamba uamuzi ukishatoka haurudi. Watu wa distro ya Manjaro mwaka 2019 walitangaza kuweka FreeOffice ya SoftMaker, nayo msimbo umefungwa, mahali pa LibreOffice. Watumiaji wakapiga kelele. Toleo la 18.1 likatoka na kisakinishi kinachomuuliza mtu: LibreOffice, FreeOffice, au usiweke yoyote? Swali moja, kwenye skrini moja. Hata Red Hat walipoamua mwaka 2023 kwamba matoleo yajayo ya RHEL, mfumo wao wa Linux, hayatakuwa na LibreOffice kwenye vifurushi vyake vya RPM, walitangaza mapema, kila mwenye ofisi akajipanga. Nyinyi mlifagia programu kwenye diski ya mtu aliyekuwa anaitumia jana yake.

Ninachotaka ni hiki. Sasisho litoke wiki hii linaloirudisha LibreOffice kwa kila aliyekuwa nayo kabla ya kupanda toleo, na linalorudisha odt, ods (majedwali) na odp (slaidi) kufunguliwa nayo. Maelezo ya toleo yarekebishwe yaseme wazi kilichoondolewa. ISO ijayo iwe na Carlito na Caladea. Na timu itueleze hapa hapa kama kuna makubaliano yoyote na mwenye programu hii, ya fedha au ya kitu kingine. Kama yapo, semeni. Mradi unahitaji fedha, hilo naelewa na mimi huchangia, lakini nisingekubali fedha hizo zitoke kwenye tasnifu ya mtu.

Dada yule hakunifokea. Aliuliza tu, "Sasa zile siku tisa?" Zile siku tisa tumezichukua aya kwa aya, tunazibandika kwenye nakala ya zamani, na kila penye rejeo anaingiza upya kwa mkono. Juzi tumemaliza sura ya tano. Ana tarehe ya kuwasilisha na haitasogezwa kwa sababu ya distro.

NYONGEZA: Walioniuliza kwa ujumbe wa faragha kama mafaili yao yamepona, fanyeni hivi kabla ya kitu kingine chochote. Msifungue odt yoyote kwa programu mpya. Nakilini folda nzima kwenye diski ya nje kwanza. Rudisheni LibreOffice kutoka kwenye hazina, bado imo, kisha bofyeni faili kwa kitufe cha kulia na mchague ifunguliwe na Writer. Mnaotumia Zotero, fumueni zip na mtafute ZOTERO_ITEM ndani ya content.xml. Maandishi yote yako kwenye mstari mmoja mrefu, kwa hiyo msihesabu mistari, hesabuni neno lenyewe linajitokeza mara ngapi, kisha mgawanye kwa mbili, maana kila rejeo hulibeba mwanzoni na mwishoni mwa alama yake. Mkikuta sifuri na mnajua mlikuwa na marejeo, acheni faili hilo kama lilivyo na mtafute nakala ya kabla ya sasisho, hata ile mliyomtumia mtu kwa barua pepe. Mkishaipata, andikeni hapa chini mlikuwa na marejeo mangapi na yamebaki mangapi, timu iyaone.