Vuta N'kuvute: mliosoma kitabu, filamu mmeionaje?

Chumbageni Boy
Wakuu, jana usiku hatimaye nimeiona Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile ya 2021. Nimechelewa, najua. Shida yangu ni kwamba kitabu cha Adam Shafi nilikisoma kidato cha tano, na mwalimu wetu alikuwa hakuachi upumue: fani, maudhui, migogoro, nafasi ya mwanamke katika jamii. Basi Yasmin akitokea tu na ndoa yake ile ya mzee, mimi kichwani naandika "ndoa za kulazimishwa, hoja ya kwanza". Wife akanigeukia: "Unaangalia au unasahihisha?"

Yeye hajasoma kitabu na kaipenda kuliko mimi. Mimi muda wote nasubiri tukio linalofuata, kamera nayo haina haraka na mtu.

Ila picha, jamani! Zile rangi, vichochoro vile vya Unguja usiku. Halafu Mwajuma, yule shoga yake Yasmin. Kachezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu kwelikweli, na inaonekana. Akishika wimbo unajua huyu hakuokotwa akafundishwa wiki mbili.

Sasa nyie mliosoma kwanza, mnaangaliaje? Na nipeni ya wikendi hii. Za Kikorea sitaki, nyumbani zimejaa.

Bibie wa Ng'ambo
Mie nimekisoma na nimeiona, na siungi mkono manung'uniko yako. Kitabu kina mikutano, makaratasi ya siri, jela, kutoroka. Utayatia yote hayo ndani ya saa moja na nusu? Ingekuwa mkutano wa hadhara. Kachagua mapenzi ya Yasmin na Denge, yule mpigania uhuru, siasa ya miaka ya hamsini ikawa joto la humo chumbani. Mie limenitosha.

Langu ni Denge tu. Yule wa kitabuni, aliyekwenda kusoma Urusi akarudi hana woga na Mwingereza, mtundu zaidi. Huyu wa filamu katulia mno.

Jirani wa Kayole
Hiyo sijaiona, lakini ya wikendi ni rahisi: Nairobi Half Life, 2012, ya Tosh Gitonga. Mwas anauza DVD kijijini huku akiigiza mapigano yaliyomo, anakuja Nairobi kuwa mwigizaji, siku ya kwanza tu anaporwa kila kitu, halafu polisi wanamshika yeye. Kule seli anaamrishwa aoshe choo, na bwana, hicho choo! Anakiosha akiigiza kama jemadari anayeenda vitani. Nimeiona mara nyingi na bado hapo nacheka huku nimeziba pua. Usiangalie ukila.

Konda Mstaafu
Sisi tuliokulia banda umiza, vile vibanda vya video, na sauti ya Lufufu akitutafsiria filamu kwa Kiswahili, hatuna habari ya kusoma kitabu kwanza. Mchina anaongea dakika nzima, Lufufu anamaliza kwa maneno manne, na tulielewa.

Kwa hiyo mimi namtajia Supa Modo, ya Likarion Wainaina, 2018. Binti Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usio na tiba, anataka kuwa shujaa wa sinema. Kijiji kizima kinajipanga kumtengenezea filamu yake. Mtu mzima nililia, konda mimi, niliyetukanwa na abiria miaka yote nisilie.

Chumbageni Boy
Konda, hiyo ya mtoto mgonjwa hapana, wife atalia mpaka Jumatatu. Naanza na Mwas.

Bibie, kuhusu Denge tuko pamoja. Ila hujanijibu swali: uliwezaje kukisahau kitabu?

Bibie wa Ng'ambo
Sikukisahau, hasha. Mie nilikisoma kwa raha zangu, sikufanyiwa mtihani.