Wanafunzi wanaisifia hati ya pamoja mtandaoni lakini hawaitumii: nifanyeje?

Mwanzisha uzi
Habarini wadau. Darasa lina wanafunzi 60, kazi ya kikundi ni kurasa 10 kwenye Google Docs. Hati inakaa tupu wiki 2, halafu usiku wa mwisho mtu 1 anabandika kazi nzima. Ukiwauliza, wote wanasema zana ni nzuri. Nawalazimishaje, au kuna njia ya hiari?

Tumbi
Mkuu, kuisifia si utayari. Mtafiti Fred Davis aliandika mwaka 1989 kwamba nia ya kutumia teknolojia inabebwa na mambo 2: mtu aone inamfaa kazini, na aone haimsumbui. Kwako la kwanza halipo. Kazi hiyo mtu 1 anaimaliza peke yake na alama ni zile zile, sasa hati ya pamoja ya nini? Badilisha swali kabla ya zana. Kila mmoja apewe makala yake tofauti, na sehemu ya mwisho idai kuzilinganisha zote. Hapo lazima asome alichoandika mwenzake. Vikundi viwe vya watu 4. Wakifika 8 kuna watakaojificha.

Mwanga
Kwenye usumbufu, anza na ruhusa. Kiungo kikitumwa cha kusoma tu, mwanafunzi anaambiwa aombe ruhusa, anaachana nacho. Fungua hati wewe, wape haki ya kuhariri kwa akaunti za chuo, andika vichwa vya sehemu na jina la mhusika. Wengi pia huogopa kugusa sentensi ya mwenzao, kwa hiyo waonyeshe namna ya kuweka mapendekezo badala ya kufuta. Wenye bando dogo waiandae hati kwa matumizi ya nje ya mtandao mapema, wakiwa bado hewani.

Mwanzisha uzi
Na alama? Nihesabu maneno kwenye historia ya matoleo, ile kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini?

Tumbi
Hapana, tafadhali. Aliyebandika ataonekana shujaa, aliyesahihisha kwa makini ataonekana mvivu. Tenga asilimia 20 kwa hatua ya katikati: kufikia siku ya 5 kila mmoja awe na aya 1, na maoni 2 kwenye aya za wenzake. Na watangazie tangu mwanzo kwamba historia itaangaliwa.

Mwanga
Ukifikiria kuhamia kwenye "wiki" (kurasa za kuandika pamoja, si wiki ya siku 7) ya Moodle, ule mfumo wa masomo mtandaoni, kumbuka ukurasa hufungwa mtu mmoja anapouhariri, wengine wanasubiri. WhatsApp waachie wapangane huko, ila kila uamuzi wa kazi uandikwe juu kabisa ya hati siku hiyo hiyo.