Chunusi kwenye paji la uso, mba, na nywele za panja zinazopungua: nipange vipi utunzaji wa kila siku hapa Dar?

Binti wa Tegeta

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni. Naomba ushauri wa namna ya kupanga utunzaji wa ngozi na nywele kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Ninaishi Tegeta na ninafanya kazi Posta. Nyumbani tunatumia maji ya kisima, ambayo yana chumvi kiasi kwamba sabuni haitoi povu na ndoo hubaki na utando mweupe. Uso wangu ni wa mafuta, na kwa miezi kadhaa sasa paji limejaa vipele vidogo vilivyojipanga kufuata mstari wa nywele. Vikikauka huacha madoa meusi ambayo hukaa muda mrefu kuliko vipele vyenyewe. Nywele zangu hazina dawa. Husuka rasta kwa sababu asubuhi sina muda wa kuchana, na sasa nywele za panja zimekuwa chache pande zote mbili. Kichwani nina mba, kwa hiyo hupaka mafuta ya nazi kwenye mistari karibu kila siku ili kichwa kisikauke.

Wenzangu wawili kazini wananishauri ninunue krimu ya kuchanganywa kwa dada mmoja anayeiuza kwenye vikopo visivyo na lebo, wakisema madoa yataondoka ndani ya wiki mbili. Mimi sitaki kuwa mweupe. Ninataka ngozi yangu hii hii ya maji ya kunde iwe safi na yenye nuru, na nywele zangu zisiendelee kupungua. Kipato changu ni cha kawaida, hivyo siwezi kununua vitu vingi kwa wakati mmoja. Nianze na nini, na kipi nikiache?

Mfamasia wa Ilala

Dada, ahsante kwa kueleza kwa utaratibu, kwa sababu maelezo yako yenyewe yanaonyesha mahali pa kuanzia. Umeyataja mafuta ya nazi, mba na vipele vya paji kama mambo matatu tofauti, lakini kwa maoni yangu yanatokana na chanzo kimoja. Mafuta yanayopakwa kwenye ngozi ya kichwa hayatulii pale ulipoyapaka. Kwa joto letu la Dar na jasho la ndani ya daladala hushuka polepole hadi kwenye paji na kuziba vinyweleo vya hapo. Madaktari wa ngozi wa Marekani walieleza aina hii ya chunusi mwaka 1970, kwa watu waliokuwa wakipaka mafuta ya nywele mara kwa mara, na dalili waliyoiona ndiyo hii unayoisema: vipele hukusanyika kwenye paji na panja, karibu na nywele.

Mba nao husababishwa kwa sehemu kubwa na fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na ambaye chakula chake ni mafuta. Unapoona magamba meupe unadhani kichwa kimekauka, unaongeza mafuta, na fangasi yule anastawi. Kwa hiyo jambo la kwanza halitakugharimu chochote: acha kupaka mafuta kwenye ngozi ya kichwa. Jambo la pili ni shampuu yenye ketokonazo, dawa ya kuua fangasi, ya asilimia 2, ambayo hupatikana katika maduka ya dawa. Itumie mara moja au mbili kwa wiki kwa muda wa wiki nne, uiache kichwani kwa dakika tatu hadi tano kabla ya kuisuuza, kwa maana ukiisuuza papo hapo dawa haipati muda wa kufanya kazi.

Kuhusu uso, nakusihi usinunue vitu vingi. Osha mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, kwa sabuni laini ya maji ya kuoshea uso. Sabuni za kipande nyingi zina ubesi wa 9 hadi 10 katika kipimo cha pH, ilhali ngozi yenyewe iko chini ya 6 na hujilinda kwa uchachu huo. Sabuni kali ikiuondoa, ngozi hukakamaa na kuwasha. Maji ya chumvi huzidisha tatizo, kwa sababu kalsiamu na magnesiamu iliyomo hushikana na sabuni na kuacha utando ule ule unaouona kwenye ndoo, safari hii juu ya ngozi yako. Weka dumu moja la maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya kusuuza uso na nywele mara ya mwisho tu. Maji ya kisima yatumie kwa kazi nyingine. Dodoki liache kwa mwili na miguu, usoni tumia viganja.

Usiku, kwenye vipele, paka krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 kwa utando mwembamba, ukianza siku moja na kupumzika siku moja mpaka ngozi izoee. Tahadhari kwamba hubabua rangi ya foronya na kanga, hivyo lalia shuka jeupe. Na vipele usivitumbue, kwani doa jeusi ni alama ya uvimbe uliokuwa ndani ya ngozi, na kila unapokitumbua uvimbe huo unauongeza.

Sasa nije kwenye vikopo visivyo na lebo, ambavyo vinanihuzunisha zaidi ya mengine yote. Mkorogo mara nyingi huwa na steroidi kali (dawa za kuzima uvimbe), haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi), zebaki, au vyote kwa pamoja, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoruhusiwa katika vipodozi hapa Tanzania. Wenzako hawakudanganyi wanaposema matokeo huonekana upesi: steroidi huzima uvimbe, chunusi hunywea, na ngozi hung'aa. Kisha ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huonekana, vinyweleo huota mashavuni, na siku utakapoacha chunusi zitarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, kwa hiyo utalazimika kurudi kununua. Haidrokwinoni ikitumika kwa miaka huweza kuacha weusi wa kibluu kwenye mifupa ya mashavu, na weusi huo ni mgumu mno kuutibu. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990 baada ya kuona madhara hayo. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) badala ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), kwa hiyo bidhaa yenye lebo unaweza kuiulizia huko. Kikopo kitupu cha losheni kilichojazwa krimu ya waridi hakina jina, hakina viambato, hakina tarehe, na ukidhurika hutakuwa na wa kumuuliza.

Msusi wa Kinondoni

Namuunga mkono mfamasia, nami niseme ya kichwani kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Dada yangu, nywele za panja ni nyembamba kuliko za utosini, na ndizo zinazoumia mwanzo. Mteja anapoinuka kwenye kiti changu huwa namwomba anyanyue nyusi na kutafuna kidogo. Kama ngozi ya panja inavutika hadi macho yanabadilika umbo, nafumua mistari ya mbele hapo hapo, hata kama kuna watu kwenye foleni. Ukienda nyumbani ukameza dawa ya maumivu ili upate usingizi, au asubuhi ukaona vipele vyenye vichwa vyeupe kwenye mizizi ya rasta, ujue umebanwa kupita kiasi, na haifai kuvumilia kwa sababu tu umelipa.

Mweleze msusi wako mapema kwamba hutaki fundo mwanzoni mwa mstari. Rasta zianze na nywele zako mwenyewe, kisha rasta ya dukani iongezwe kidogo kidogo kadiri anavyoshuka, maana kwa njia hiyo uzito hauning'inii kwenye mzizi. Ziwe nene kiasi na zisifike kiunoni. Nywele za mtoto, zile laini za ukingoni, zisiingizwe kabisa kwenye mstari. Usikae nazo zaidi ya wiki sita, na ukizifumua upumzike wiki mbili au tatu na mabutu yasiyobana au twende kilioni nyepesi bila rasta. Ninafahamu kwamba wengi hufumua Jumamosi asubuhi na kusuka tena jioni ile ile. Hapo ndipo panja zinapokwisha.

Siku ya kufumua, usipeleke kitana kwenye nywele kavu. Zinyunyizie maji, zipake kondishena, zigawe mafungu, na uanze kuchana nchani ukipanda kuelekea kwenye mzizi. Utaona nywele nyingi zimetoka, nawe usishtuke, kwani kwa kawaida binadamu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku, na za wiki zote ulizosuka zilikuwa zimenaswa ndani ya rasta. Za kukutia wasiwasi ni vipande vifupi visivyo na kile kivimbe kidogo cheupe mwisho wake. Hivyo vimekatika, havikung'oka. Usiku funga kitambaa cha satini, kwa sababu foronya ya pamba husugua nywele na kuzinyonya unyevu.

Mama Mkubwa wa Temeke

Wanangu, hamjambo. Yote mliyoyasema ni mazuri, lakini naomba msiyatupe mafuta ya nazi jalalani. Sisi tulikuzwa nayo na nywele zetu zilifika mabegani. Binti yangu, kuna liwa pia. Saga kijiti cha msandali juu ya jiwe kwa maji ya waridi, jipake usoni jioni, ikikauka osha. Huondoa mafuta na huacha uso umetulia na kunukia vizuri. Madoa tulikuwa tukiyapaka ndimu na asali asubuhi. Si gharama, na ni vitu vya nyumbani.

Mfamasia wa Ilala

Shikamoo mama. Kuhusu mafuta ya nazi uko sahihi, na wala sikukusudia yatupwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ukaonyesha kwamba ya nazi ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, kwa kuwa huweza kupenya ndani ya unywele wenyewe. Binti ayapake kwenye urefu wa nywele saa chache kabla ya kuziosha, akianzia chini ya mzizi. Ngozi ya kichwa ndiyo ninayoitetea. Liwa nayo sina ugomvi nayo, mradi aijaribu kwanza ndani ya kiwiko na asiipake juu ya vipele vilivyochubuka.

Ndimu, kwa heshima zote mama, ninaomba tuiondoe. Maji yake ni makali kwa ngozi iliyo na vidonda vidogo, tena yana kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi ya wiki au hata miezi. Asubuhi, kabla ya kutoka, ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Mama Mkubwa wa Temeke

Marahaba mwanangu. Hilo la jua nimelielewa, na ndimu nitaiacha kwenye mchuzi.

Binti wa Tegeta

Nawashukuru sana, na wewe mama shikamoo tena. Nina maswali mawili tu. Je, mtu mweusi anahitaji losheni ya kukinga jua, na mbona niliyoijaribu iliniacha na weupe kama majivu? Pia, nitarajie mabadiliko baada ya muda gani?

Muuguzi wa Kigamboni

Niruhusuni nijibu la jua. Weusi wa ngozi unatukinga kiasi, lakini haukingi madoa: jua hulifanya doa la chunusi liwe jeusi zaidi na likae zaidi, na katika ngozi yetu hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huchangia. Weupe ule unatokana na zinki au titani iliyomo kwenye losheni. Tafuta yenye rangi ya kahawia, kwa maana rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, ambayo ndiyo inayozuia mwanga huo, na haikuachi na majivu. SPF 30, yaani kipimo cha kukinga jua kinachoandikwa kwenye lebo, yatosha, nayo huzuia takribani asilimia 97 ya mionzi inayounguza. Ikamue juu ya vidole viwili kwa urefu wake wote, hicho ndicho kipimo cha uso na shingo, kisha urudie mchana ukitoka kwenda kula. Nyongeza ndogo: losheni hizi hutengenezwa hata hapa nchini, kwani Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kitengo kinachotengeneza ya watu wenye ualbino, ambao kwao jua huleta saratani ya ngozi. Uwezo wako ukiwa mdogo mwezi huu, nunua losheni hii na shampuu ya mba kwanza, mengine yasubiri. Mwavuli na ushungi navyo husaidia.

Mfamasia wa Ilala

Kwa swali la pili: mba hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Chunusi zipe wiki nane hadi kumi na mbili, bila kubadilisha krimu kila unaposikia habari ya nyingine. Madoa huchukua miezi, na yaliyo ndani sana huweza kupita nusu mwaka. Ukipata ujauzito, mwambie mfamasia kabla ya kununua krimu yoyote ya chunusi au ya madoa, kwa sababu baadhi hazifai kabisa.

Msusi wa Kinondoni

Na nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo panja utaziona zimejaa baada ya miezi kadhaa ya kutobanwa. Ila jiangalie kwenye kioo mahali penye mwanga. Kama ngozi ya panja bado ina vitundu na vinywele vyembamba, mzizi uko hai. Ikiwa imekuwa laini na inang'aa bila kitundu, usingoje wala usinunue mafuta ya kuotesha nywele yanayopitishwa mitaani. Nenda hospitali ya Mwananyamala uombe rufaa ya kliniki ya ngozi katika hospitali ya taifa ya Muhimbili, kwa kuwa kovu likishafunga mzizi hakuna msusi atakayelifungua.

Binti wa Tegeta

Nimeangalia sasa hivi kwa tochi ya simu. Vitundu vipo, na vinywele vifupi vipo upande wa kulia zaidi kuliko wa kushoto. Rasta hizi nitazifumua Jumamosi, na krimu ya kikopo nimeshawajibu wenzangu kwamba siichukui.